Ni muziki tu, papa

Nilingoja siku kadhaa hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Anayetaka jibu la haraka kuhusu tamasha la fanfari, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, ya mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, la muziki wa sinema na wa michezo ya kuimba jukwaani, jibu langu ni hili: usiende. Kaa na faranga zako elfu kumi, nunua mkaa, baridi bado ipo. Ndivyo nilivyowaambia majirani asubuhi yake. Jioni nikamwambia mke wangu kitu kingine, na sasa sijui nisimamie lipi. Acha nieleze yote.

Nilimpeleka baba mkubwa. Yeye ndiye sababu ya kununua tiketi. Kwa miaka mingi alipuliza baritoni, ala ya shaba yenye sauti nene, katika fanfari ya kampuni moja ya mgodi, zamani zile kampuni ilipokuwa na kila kitu chake, shule, hospitali, timu ya mpira na fanfari, na Jumapili ulisikia shaba inalia kabla hujaona mtu yeyote njiani. Siku hizi meno yake ya mbele hayapo. Bila meno ya mbele mdomo hauna pa kuegemea, na baritoni hailii. Sikio la kushoto nalo limechoka. Nilipomwambia kuna vijana Kenya watapiga muziki wa sinema kwa shaba tupu, bila gitaa, bila kinanda, hakuuliza bei wala saa.

Aliuliza: “Mwana, beko na baritoni ngapi?”

Sikujua. Nikasema tutaziona huko huko.

Ukumbi ni wa mabati, viti vya plastiki, taa nyeupe zinazoumiza macho. Tulifika mapema, tukakaa safu ya tatu. Baridi ilikuwa imeingia hadi ndani. Asiyejua Lubumbashi anadhani Kongo yote ni joto. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu anavaa koti na bado anasugua mikono. Kwa fanfari baridi ni adui. Bomba la shaba likipoa, na hewa iliyo ndani ikipoa, sauti inashuka. Likipata joto, inapanda. Wapigaji ishirini na kitu wakiwa na mabomba ya joto tofauti, kila mmoja anakuwa na nota yake. Niliwaona vijana, kabla hata ya kuanza, wanapuliza pumzi ya moto ndani ya ala zao bila kutoa sauti, polepole, kama mtu anayepulizia mikono ya mtoto. Baba mkubwa akanigusa goti. “Banafundishwa,” akasema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Na ni watu gani hao? Si wasanii wa kulipwa. Mmoja namfahamu, anatengeneza simu karibu na soko. Kuna muuguzi, kuna mama mmoja wa makamo mwenye tromboni, wengine ni wanafunzi waliokuja na sweta za shule. Suzafoni yao, lile bomba kubwa linalozunguka mwili kama chatu, limechomelewa mahali pawili, unaona kovu ukiwa umekaa safu ya tatu. Karatasi za nota zimebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Tarumbeta moja pistoni yake, kile kitufe cha kubonyeza, ilikuwa inagoma kurudi juu, na mwenyewe alikuwa anaivuta kwa kidole kati ya nota na nota bila kukosa pigo. Sisemi haya ili mtu awahurumie. Nasema ili mjue ni kazi gani ilifanyika kabla hatujakaa kwenye vile viti.

Kuna jambo huniuma kila ninapoona tarumbeta katika mji huu, nalo litoke hapa hapa. Ala zile ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Shaba ni mukuba wetu, ndiyo iliyojenga mji. Tanuri la hapa lilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Zinki imelala Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka nyumbani kwangu. Vyote viwili vinatoka ardhini kwetu. Lakini mtoto wa mtaa wa Katuba akitaka tarumbeta, anangoja itoke Ulaya au China, na mara nyingi inamfikia ikiwa imechakaa mikononi mwa mtu mwingine. Basi jioni ile niliona ni kama mukuba umezunguka dunia na kurudi nyumbani kuimba. Nilikuwa na furaha hiyo kifuani. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Nusu ya kwanza, hata kwa hasira hii siwezi kudanganya, ilikuwa tamu.

Walianza na mseto wa Les Misérables, ile aliyoitungia muziki Claude-Michel Schönberg, iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1980 kabla haijakwenda London kutajirika. Victor Hugo tumemsoma wote shuleni, wengine kwa fimbo, kwa hiyo hadithi watu wanaijua. Sikutegemea lakini kwamba mwendo wa waandamanaji, ukipigwa na shaba na ngoma kubwa, utawafanya mama waliokaa nyuma yangu wapige miguu chini. Walipiga miguu chini. Vumbi likapanda.

Kisha ikaja dansi kutoka West Side Story ya Leonard Bernstein, ya New York, mwaka 1957. Ndani ya dansi hiyo wapigaji wenyewe wanapaswa kupaza sauti wote pamoja: “Mambo!” Ni jina la dansi ya Cuba, Bernstein hakuwa anafikiria Kiswahili hata kidogo. Lakini ukumbi wa Kenya ulisikia neno lake. Mara ya kwanza watu walitazamana. Mara ya pili fanfari ikaita “Mambo!” na kutoka nyuma kabisa watu kama kumi wakajibu: “Mambo gani?” Mara ya tatu tukajibu wote. Wapigaji walishikwa na kicheko, na mdomo unaocheka haupulizi, tarumbeta mbili zikapotea kabisa, mama wa tromboni akafuta machozi kwa kiganja, na maestro, mwongozaji wao, badala ya kukasirika akatugeukia sisi na kutuongoza kwa fimbo yake, tujibu mahali panapostahili. Nimehudhuria muziki mwingi katika mji huu. Sikumbuki mara nyingine niliyojisikia kuwa ukumbi mzima ni ala moja.

Basi hapo, moyo ukiwa umefunguka hivyo, ndipo walipopanga The Godfather.

Wengi hapa tuliiona kwa Kifaransa, kwa jina la Le Parrain, kwenye televisheni zenye chenga. Muziki ni wa Nino Rota, filamu ni ya 1972. Inaanza kwenye giza, na kabla hujaona uso wa mtu yeyote unasikia tarumbeta moja. Peke yake. Hakuna ngoma chini yake, hakuna wa kuishika mkono. Ndivyo na vijana walivyoipanga: taa za pembeni zikazimwa, fanfari yote ikashusha ala magotini, binti mmoja akasimama. Miaka kumi na saba, kumi na minane, sweta la shule, magoti yake yanatetemeka kidogo kwa baridi au kwa woga.

Tarumbeta ina pistoni tatu tu. Nota zote zilizobaki anazitafuta mtu kwa mdomo na pumzi. Unapopiga katikati ya wenzako, ukiteleza kuna wa kukufunika. Ukiwa peke yako kila kitu kinasikika, hata mate. Yule binti alianza polepole kuliko ilivyo kwenye filamu, na nadhani alifanya hivyo kwa kujua. Aliacha nafasi kati ya maneno ya wimbo. Katika nafasi hizo ulisikia mabati yanalia kwa baridi juu yetu. Nilimtazama baba mkubwa. Amefumba macho, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vinabonyeza goti lake, moja, mbili, moja na tatu, kwenye pistoni za baritoni ambayo hajaishika tangu meno yatoke.

Wimbo ukaanza kupanda. Wanaoujua wanajua mahali hapo.

“Allô! Allô! Un, deux.”

Maikro. Spika zikapiga kelele ile ya kutoboa masikio. Taa zote zikawashwa. Mshereheshaji, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama pembeni hana kazi, alikuwa ameingia katikati ya jukwaa, mbele ya yule binti, mgongo wake usoni pa binti: “Mabibi na mabwana, tunaomba tusimame wote kwa kumpokea Mheshimiwa!”

Na tukasimama. Viti vya plastiki vilikwaruza sakafu ukumbi mzima. Mlangoni kukawa na vurugu, walinzi, watu wa kupisha, simu juu kupiga picha. Mshereheshaji akasoma cheo cha mgeni, na vyeo alivyowahi kushika zamani, na mama wa nyumbani kwake, na wasaidizi wake, na watu waliofuatana naye mmoja mmoja, na kila jina makofi. Dakika ngapi, sijui. Kwangu zilikuwa nyingi. Watu wa safu ya mbele waliokuwa wamelipa kama mimi waliombwa kusogea, wakaenda kusimama ukutani.

Kuhusu mgeni mwenyewe sitaki kumwonea. Alitupungia mkono tukae, alionekana kuwa na haya kidogo. Inawezekana hakujua nini kilikuwa kinaendelea jukwaani. Sina ugomvi naye. Hapana, ninao kidogo: mtu anayefika muziki ukiwa umefika nusu, akasikia tarumbeta moja inalia gizani, anaweza kusimama mlangoni dakika mbili. Mlango haumpunguzii cheo.

Lakini nilichotaka kuwasimulia si yeye. Ni yule binti. Hakushusha tarumbeta. Wakati wote ule, vyeo vyote vile, makofi yote yale, alibaki amesimama nyuma ya mgongo wa mshereheshaji, ala iko mdomoni, viwiko viko juu, anangoja. Jaribu kushika kitu cha kilo moja mbele ya uso wako hivyo, bila kuegemea popote, uone mikono inavyoungua. Tulipokaa na kelele zikatulia, alimtazama maestro. Wote tulimtazama maestro.

Maestro akageuza karatasi. Akainua fimbo. Fanfari ikaingia wimbo mwingine, wa haraka, wa kumfurahisha mgeni.

Binti akakaa.

Wimbo ule haukumalizika. Mpaka leo haujamalizika.

Na mimi nilisimama. Naliandika hili kwa sababu nimeshawalaumu watu wengi hapa, na itakuwa vibaya nijiache nje. Nilisimama na kupiga makofi kama wengine, mikono ilijipiga yenyewe. Baba mkubwa hakusimama. Wakati ule nilidhani ni magoti.

Mapumziko yalipofika nilimtafuta mtu wa protokole, wale wa kupokea wageni. Kijana mrefu, suti nzuri, beji shingoni. Nilikwenda kwa heshima, Mungu ni shahidi, hata sauti sikuipandisha.

“Ndugu, samahani. Ile solo ya tarumbeta batairudilia?”

“Solo gani?”

“Ile mulikata.”

“Papa, hatukukata kintu. Bakubwa balikuwa banaingia.”

“Lakini mutoto alikuwa anapiga.”

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenye homa. “Ni muziki tu, papa. Muende mushikale, kuko ingine inakuya.”

Ni muziki tu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae hapa kuandika. Kiti kigumu nimesamehe, baridi nimesamehe, tamasha kuchelewa kuanza nimesamehe, sote tunachelewa. Sikusamehe hilo. Fundi wa simu aliniambia walijifunza programu ile kwa miezi, jioni baada ya kazi, nota zimenakiliwa kwa mkono kwa sababu mashine ya kopi ni pesa. Yule binti hakika alirudia ule mstari nyumbani mpaka majirani wakagonga ukuta. Na hii ni Lubumbashi! Hapa ndipo Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki, alipotunga Missa Katanga kabla ya uhuru, misa nzima kwa mtindo wa nyimbo zetu, na vizazi vya wanakwaya wameijua. Katika mji huo huo mtu mwenye beji anakwambia muziki ni “tu”. Mahubiri yangekuwa yanaendelea, angekata? Hotuba ya Mheshimiwa yenyewe ingekuwa inaendelea, na tarumbeta ikaingia katikati, wangesemaje? Wangeita polisi.

Sitasema mengi juu ya nusu ya pili kwa sababu sikuisikiliza kwa haki. Kila kitu kiliniudhi. Ngoma kubwa niliona inapigwa kama mlango uliofungwa. Suzafoni niliona inachelewa. Chai waliyouza wakati wa mapumziko ilikuwa maji ya moto yenye rangi, na nikaamua kwamba hata hiyo ni kosa la protokole. Walipofika kwenye wimbo wa Ennio Morricone kutoka The Mission, ya 1986, ule ambao kwenye filamu unapigwa na obua, aina ya zumari, na ambao mapadri wetu wanaupenda sana kwenye harusi, nilianza kunung'unika kwa sauti. Morricone mwenyewe alikuwa mpiga tarumbeta kabla hajajulikana kwa kutunga, na baba yake pia alikuwa mpiga tarumbeta. Nikasema angeona walivyomtendea mpiga tarumbeta mwenzake asingekubali wimbo wake upigwe hapa.

Baba mkubwa akanishika mkono. “Nyamaza. Sikia kule chini.”

Nikasikia. Chini ya ule wimbo, mahali ambapo kwenye filamu kuna nyuzi, kulikuwa na sauti nene, laini, inatembea taratibu kama mzee anayejua njia. Baritoni. Zilikuwa mbili, zimekaa nyuma ya tromboni nisizozitazama jioni nzima, muuguzi na kijana mmoja, wanapumua kwa zamu ili sauti isikatike. Mmoja akivuta pumzi, mwenzake anaushika wimbo. Ukisikiliza bila kuwatazama ungesema ni mtu mmoja asiyehitaji hewa.

“Ni mbili,” baba mkubwa akasema. Alikuwa amepata jibu la swali lake, na uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tangu mazishi ya mama mkubwa.

Kwa hiyo niseme nini? Tamasha lilikuwa baya? Ile dakika ya baritoni peke yake ilistahili tiketi zote mbili na taksi ya kwenda na kurudi. Ninaposema hivyo nakumbuka mgongo wa mshereheshaji mbele ya uso wa yule binti, na narudi nilipoanza.

Kwenye taksi nilimwambia baba mkubwa kwamba zamani, enzi zao, jambo kama lile lisingetokea. Watu waliheshimu fanfari. Nilikuwa na hakika kabisa. Nimekua nikisimuliwa habari za fanfari ile, sare zake, vifungo vinavyong'aa.

Alikaa kimya mpaka tukapita njia ya reli.

“Sisi tulikuwa tunakata sisi beenyewe,” akasema. “Mukubwa wa kazi akifika, hata wimbo uko katikati, shefu anainua mukono, bintu yote chini. Mara moja. Halafu tunamupigia yake ya kumupokea. Hata hatukuwaza.”

Sikujua la kujibu.

“Ule mutoto hakushusha,” akasema tena. “Uliona? Hakushusha.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hayakuwa magoti.

Tangu siku hiyo hasira yangu kwa maestro imekuwa ngumu kuibeba. Mwanzoni nilimlaumu kuliko wote, zaidi ya mshereheshaji, kwa sababu yeye ni mwanamuziki, alijua alichokigeuza alipogeuza ile karatasi. Bado nadhani alikosea. Angeweza kungoja, angeweza kumpa binti ishara aanze upya, dakika mbili tu, hakuna ambaye angemfukuza. Lakini fanfari ile haina pesa, na mgeni aliyeingia huenda ndiye atakayenunua pistoni mpya au suzafoni isiyo na kovu. Inawezekana maestro alihesabu hivyo kwa haraka huku fimbo iko hewani. Sijui kama ningehesabu tofauti. Nami nilikuwa nimesimama napiga makofi.

Kwa protokole sijabadili hata neno moja.

Baba mkubwa asubuhi, akinywa chai, anaupiga ule wimbo kwa mdomo. Anapanda mpaka pale pale, anasimama, anaanza tena. Wajukuu wameshaushika, nao wanasimama pale pale, wanadhani ndivyo ulivyo.

Mnaotaka alama nitoe hivi: vijana wa fanfari nawapa zote, wale wa baritoni na yule binti nawapa na zaidi. Tamasha kama lilivyoandaliwa silipi hata moja. Kama mtaniuliza tena kama mwende, leo nitasema nendeni, na kesho sijui. Ila wakitangaza siku nyingine, nataka tiketi mbili, safu ya kwanza, kushoto kabisa mwa ukumbi, ili sikio lake la kulia lielekee tarumbeta.